UZI: Hofu na uzuri katika uandishi wa maumbile. Tuanzie Ziwa Natron, Ol Doinyo Lengai na Nyiragongo

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa nikisoma kwa makini maandishi ya Kiswahili kuhusu milima, maziwa, mbuga na bahari zetu, na naona yamegawanyika katika makundi mawili ambayo ni nadra kukutana. Kundi la kwanza ni maandishi ya kutangaza utalii, ambamo kila mandhari huvutia, hupendeza na haina mfano, na ambamo hakuna kiumbe anayekufa isipokuwa swala anayekamatwa na simba mbele ya magari ya wageni. Kundi la pili ni habari za maafa, ambamo mlima hutajwa siku unapolipuka, huhesabiwa watu uliowaua, kisha husahaulika mpaka ulipuke tena. Msomaji wa kundi la kwanza hajui kwa nini mahali pale paogopwe, na msomaji wa kundi la pili hajui kwa nini watu wanapapenda kiasi cha kukataa kuhama.

Maoni yangu, ambayo naomba tuyajadili, ni kwamba hofu na uzuri wa maumbile mara nyingi hutoka katika chanzo kimoja, na mwandishi anayekifuatilia chanzo hicho kwa uvumilivu huvipata vyote viwili kwa pamoja. Mwandishi anayeanza kwa kuchagua kimoja, akakipamba kwa sifa nyingi, hukosa hata hicho alichokichagua. Nitaeleza kwa mifano ya karibu nasi, kwa sababu hoja hii ikibaki angani haitamsaidia mtu.

Ziwa Natron liko kaskazini mwa Tanzania, kwenye Bonde la Ufa, ncha yake ya juu ikigusa mpaka wa Kenya. Lina urefu wa kilomita zipatazo 57, lakini kina chake hakifiki mita 3. Maji huingia kwa chemchemi za moto na kwa mito, hasa Ewaso Ng'iro unaotoka upande wa Kenya, ila hakuna mto hata mmoja unaotoka. Yanayoingia huondoka kwa kugeuka mvuke tu, na kila yanapopanda hewani huacha magadi na chumvi. Kwa maelfu ya miaka mabaki hayo yamelimbikizana, hata ukali wa maji ukapita kipimo cha pH 10, na katika vidimbwi vya kina kifupi joto lake hupanda kupita nyuzi 40. Kiangazi kinapokolea, tabaka gumu la magadi hutanda juu ya maji, na vijidudu vinavyostawi katika chumvi hulitia wekundu unaoanzia waridi hafifu hadi rangi ya damu.

Ziwa hilo hilo ndilo mahali muhimu kuliko pote duniani kwa uzazi wa heroe wadogo, ndege ambao wengi wetu tumezoea kuwaita flamingo. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa hapo. Sababu yake ndiyo kiini cha uzi huu. Fisi na mbweha hawawezi kuvuka matope yale ya magadi, kwa hiyo heroe hujenga viota vyao, vichuguu vidogo vya matope, mbali na ukingo, na kila kiota huwekewa yai moja. Mwani unaowalisha, na unaowapa manyoya rangi ya waridi, humea kwa wingi katika maji yale yale ambayo mtu akiyaingia humchubua ngozi. Ukali wa ziwa ndio ukuta unaomlinda kinda. Na ukuta huo pia humuua, kwa sababu maji yanapozidi kukolea, magadi huganda kwenye miguu ya makinda yakawa pete nzito zinazowazuia kutembea. Mwaka 1962, heroe walipohamia Ziwa Magadi upande wa Kenya, makinda kwa maelfu walinaswa na pete hizo, na watu waliingia ziwani kuzivunja kinda mmoja baada ya mwingine.

Mwandishi aliyelielewa jambo hili hahitaji kumwambia msomaji kwamba ziwa ni la kutisha au ni la kupendeza. Akieleza tu kwamba kinda analindwa na kitu kile kile kinachomfunga miguu, msomaji atayahisi yote mawili katika sentensi moja.

Sasa tazameni jinsi jambo hili linavyoharibika. Mwaka 2013 picha za mpigapicha Nick Brandt zilienea duniani kote, zikionyesha popo, mbayuwayu, tai na heroe wa Natron waliokauka na kugandiwa na magadi, wamekaa juu ya matawi wima kama sanamu. Ni picha zenye nguvu sana, na yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba aliwaokota ukingoni wakiwa wamekwisha kufa, akawaweka katika mikao ile. Lakini maandishi yaliyosambazwa pamoja nazo na watu wengine yalidai kwamba ziwa humgeuza kuwa jiwe kila mnyama anayegusa maji yake, papo hapo. Mwandishi wa maneno hayo alidhani anaongeza hofu. Kwa maoni yangu aliipunguza, kwa sababu msomaji akijiuliza hata mara moja mamia ya maelfu ya heroe wanaishije humo, simulizi zima linabomoka, na pamoja nalo heshima yake kwa ziwa. Hofu ya kubuni haiwezi kubeba uzuri wa kweli, kwa kuwa haijui ulikotoka.

Yupo mtu aliyelipia ujuzi huo kwa ngozi yake. Leslie Brown alikuwa afisa kilimo wa serikali ya kikoloni nchini Kenya na mtaalamu wa ndege. Mwaka 1954, baada ya kuwaona heroe wa Natron kutoka angani wakiwa kwenye viota, alitaka kuwafikia kwa miguu akavuka matope. Ukoko wa magadi ulikuwa ukivunjika chini yake, tope likamshika, na magadi yakaingia ndani ya viatu yakamuunguza miguu vibaya, hata alipotoka akalazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Aliendelea kuwachunguza ndege wale, na mwaka 1959 akatoa kitabu juu yao. Nimtajapo simsifu kwa ujasiri. Nadhani hata alikuwa na haraka isiyofaa. Namtaja kwa sababu safari yake inatupa kipimo cha umbali: mandhari ile ile iliyokuwa ya kustaajabisha kutoka angani iligeuka kuwa ya kuua alipoifikia chini, ingawa ziwa lenyewe halikubadilika hata kidogo.

Kusini mwa ziwa umesimama Ol Doinyo Lengai, mlima mtakatifu wa Wamaasai, wenye kimo cha karibu mita 3,000. Miongoni mwa volkano zinazofanya kazi leo, ni huu peke yake unaotoa lava ya kaboneti ya sodiamu, yaani jamii ya magadi yenyewe. Mwanajiolojia J. B. Dawson ndiye aliyeitambua hali hiyo kutokana na lava ya mwaka 1960. Lava hii hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 hivi, takriban nusu ya joto la lava za kawaida, kwa hiyo mchana haing'ai wekundu; hutiririka nyeusi na nyepesi kama mafuta ya injini yaliyomwagika. Ikikutana na unyevu wa hewa huanza kubadilika, na baada ya muda mfupi huwa nyeupe, ndiyo maana kilele hicho, kikitazamwa kutoka mbali, kimewahi kudhaniwa kuwa na theluji. Magadi yatokanayo na majivu na miamba ya volkano hizi huoshwa na mvua na chemchemi hadi ziwani. Kwa hiyo kati ya mlipuko wa mlima na waridi la bawa la heroe kuna mnyororo mmoja, ambao mwandishi anaweza kuufuata pete kwa pete.

Mnamo Julai 2007 matetemeko yalifululiza eneo hilo, na kubwa lao likasikika hadi Nairobi. Septemba mlima uliacha kutiririka kwa utulivu, ukaanza kurusha majivu kwa nguvu, na hali hiyo ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Habari nyingi za wakati ule zilieleza tetemeko peke yake na majivu peke yake. Sikuona iliyoeleza kwamba kilichokuwa kikiwafukuza wafugaji na mifugo yao ni chanzo kile kile cha magadi wanayoyategemea heroe.

Nafahamu kwamba jambo la hofu na uzuri kukaa pamoja limejadiliwa sana Ulaya. Edmund Burke, mwanafikra wa Ireland, alilitungia kitabu kizima mwaka 1757. Hoja yake kuu ni kwamba kitisho kinapokaribia mno hakiwezi kumfurahisha mtu, lakini kikiwa mbali kiasi, au kikiwa kimepunguzwa makali, huamsha hisia kubwa kuliko uzuri wa kawaida. Hoja hii ina ukweli, na kisa cha Brown kinaiunga mkono kwa sehemu. Hata hivyo nina pingamizi: inamweka mwandishi daima mahali pa mtazamaji aliye salama, na inadhani kwamba aliye karibu na kitisho hana macho ya kuona uzuri.

Mfano wa zamani unaonyesha zaidi. Mlima Vesuvius wa Italia ulipolipuka mwaka 79, kijana wa miaka 17, Plinio Mdogo, alikuwa Misenum, ng'ambo ya ghuba. Mjomba wake alipanda chombo kwenda kuwaokoa watu akafa huko. Miaka mingi baadaye kijana huyo aliandika barua mbili kwa mwanahistoria Tacitus. Wingu lililopanda kutoka mlimani alilifananisha na msonobari wa kwao, wenye shina refu na matawi yaliyotanda juu. Alieleza bahari ilivyorudi nyuma ikawaacha viumbe wake mchangani, giza lililokuwa kama la chumba kilichofungwa na taa ikazimwa, na watu waliokuwa wakiomba miungu huku wengine wakisema miungu haipo tena. Hakuna mahali anapojitahidi kutisha. Usahihi wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba hadi leo wanasayansi wa volkano huita milipuko ya aina hiyo kwa jina lake. Barua ile ile inatumika kama ushahidi wa kisayansi na inasomwa kama fasihi, na sidhani kwamba kuna mahali inapogawanyika kati ya kazi hizo mbili.

Ninaufikia sasa mfano ulio mgumu kuliko yote, Nyiragongo. Mlima huu wenye mita 3,470 uko mashariki mwa Kongo, chini ya kilomita 20 kutoka Goma, jiji la wasema Kiswahili wengi. Kwa miaka mingi kreta yake, yaani shimo la kileleni, imekuwa na ziwa la lava, na usiku mwanga wake mwekundu ulionekana juu ya mawingu kutoka mitaani. Lava yake ina kidogo mno ya silika, madini yanayoifanya lava iwe nzito, kwa hiyo ni nyepesi kuliko lava za milima mingi. Wepesi huo ndio uliowezesha lile ziwa la moto kuchemka na kujikunja juu ya mlima, na huo huo ndio uliosababisha msiba wa tarehe 10 Januari 1977, pale ubavu wa mlima ulipopasuka na ziwa zima likamwagika kwa muda usiofika saa moja, sehemu nyingine likikimbia kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa. Kwingi duniani mtu mzima anaweza kuikimbia lava. Siku ile pale haikuwezekana.

Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya njia ya ndege za uwanja wa jiji, na watu wapatao 120,000 wakabaki bila makazi. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena jioni, ikasimama pembezoni mwa jiji, na siku chache baadaye mamlaka ziliamuru sehemu kubwa ya wakazi waondoke kwa hofu ya mlipuko chini ya jiji au chini ya ziwa. Watu walikwenda Sake, wengine wakavuka kuingia Rwanda. Kisha wakarudi. Mtu wa nje huuliza kwa mshangao kwa nini wanarudi, na hapa ndipo maandishi mengi yanapoishiwa. Udongo wa majivu katika miteremko ya Virunga, safu ya volkano ambamo Nyiragongo umo, huzaa sana. Lava iliyoganda huchongwa kuwa mawe meusi ya kujengea, hivyo kuta nyingi za Goma zimejengwa kwa kitu kile kile kilichobomoa kuta za kabla yake. Mwandishi asiyeyaeleza haya atawaonyesha watu hao kama wasio na akili, na hilo ni kosa la kiuandishi kabla hata halijawa kosa la utu.

Ziwa Kivu lenyewe linatisha kwa namna nyingine. Katika kina chake zimeyeyushwa takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za methani. Tunajua hatari yake kwa kuwa Ziwa Nyos la Kamerun, dogo mno likilinganishwa na Kivu, lilitoa hewa ukaa usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 likaua watu wapatao 1,700, wengi wakiwa usingizini. Wakati huo huo, methani hiyo ya Kivu inavutwa upande wa Rwanda kuzalisha umeme, mtambo mmoja tu ukitoa megawati zipatazo 26. Anayepita ufukweni jioni huona maji matulivu, mitumbwi ya wavuvi na vilima vya kijani. Kuandika kwamba utulivu huo ni wa uongo kungekuwa rahisi, lakini si kweli: ni tabaka za maji zilizotulia zinazozuia gesi isipande. Utulivu ule wa kupendeza ndio usalama wenyewe.

Na kuna mazuku. Ni mifuko ya hewa ukaa inayotoka ardhini magharibi mwa Goma na kutuama kwenye mabonde madogo, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akiinamisha kichwa kula majani huanguka, na mtoto yumo hatarini kuliko mama yake kwa sababu tu ni mfupi. Wanasayansi wa dunia nzima wamelichukua neno hili la wenyeji na kulitumia katika maandishi yao. Ningependa siku moja kusoma insha ya Kiswahili juu ya mazuku iliyoandikwa na mtu aliyekulia hapo, kwa sababu ni yeye anayejua asubuhi ipi mtoto hatumwi upande ule, na anayejua kwamba bonde lile linabaki na majani mabichi mwaka mzima.

*Nyongeza baada ya michango ya mwanzo*

Nawashukuru mliochangia. Ndugu mmoja ameuliza kama maelezo mengi ya kisayansi hayataua ushairi. Jibu langu ni kwamba inategemea maelezo yamewekwa wapi. Yakikusanywa kwenye aya moja mwanzoni, kama maelezo ya somo, yataua. Yakiletwa pale ambapo msomaji tayari anataka kujua kwa nini, yatakuwa ndiyo msisimko wenyewe. Ukinionyesha kwanza kinda aliyefungwa miguu, nitakusikiliza kwa hamu ukinieleza jinsi magadi yanavyoganda.

Dada mwingine amesema kwamba sisi hatuna mapokeo ya kuandika hivi, na kwamba naleta vipimo vya wageni. Kwa hili siwezi kukubaliana naye. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inaonyesha majumba ya Pate yaliyobaki magofu: madaka yaliyokuwa ya kupangia vyombo yamekuwa viota vya ndege, na popo wananing'inia ndani. Mshairi alikusudia kuuonya moyo wake juu ya dunia, lakini hakuanza kwa onyo tupu. Aliingia chumba kwa chumba na kutaja kiumbe gani kimekaa wapi. Ulimwengu wenyewe ameufananisha na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe na hatari nyingi, na aliyeishi pwani anajua kwamba tumbawe ndilo linalozaa samaki, linalovunja wimbi lisifike kijijini, na linalopasua chombo cha nahodha aliyekosea njia. Haya ni mapokeo yetu, na yamefanya kwa beti chache kile ninachokitafuta katika makala zetu za leo.

Mchangiaji wa tatu, anayefanya kazi ya kuongoza wageni kaskazini, ameeleza kwamba mgeni akisikia habari za hatari huogopa na hasafiri. Nauheshimu uzoefu wake, lakini nadhani amechanganya tahadhari na simulizi. Mgeni aambiwe kabla ya safari kwamba asiingie ziwani wala asipande Lengai bila kiongozi anayeujua mlima. Hiyo ni haki yake. Akiwa njiani ukamweleza kwa nini maji yale yanaunguza na kwa nini heroe wanayachagua, atatazama kwa macho mengine, na atarudi kwao na jambo la kusimulia lisilopatikana kwenye kipeperushi.

Kwa walioko Goma, Bukavu na Gisenyi wanaosoma hapa: kama mlikuwepo usiku wa tarehe 22 Mei 2021, naomba mtuandikie katika uzi huu mlichokiona, kwa utaratibu wake, saa kwa saa: mbingu ilikuwa na rangi gani, mlisikia nini kabla ya kuona, mlichukua nini mkononi, mlipita njia gani. Msijishughulishe na maneno makubwa. Na wale wa Ngare Sero na Longido, tuelezeni kiangazi hiki ziwa limefikia wapi, na kama heroe wameshuka.